Watatu Kwenye Gari la Watu Wawili

Mtu mwenye wivu asipande gari linalokwenda kilomita thelathini kwa saa. Atakufa kwa kihoro. Kwenye gari la kawaida kila kitu hupita haraka, hata machungu. Kwenye epa unaona kila kitu, tena taratibu, na kama umewekwa nyuma kwenye bodi kama gunia la viazi, unakiona kupitia kioo huku ukila vumbi.

Epa lenyewe lilikuwa la Disa. Kwetu Dorotea, kaskazini mwa Uswidi, mtoto akitimiza miaka kumi na tano anaruhusiwa kuendesha epa, yaani gari kuukuu lililofungwa mwendo, viti vya nyuma vimeng'olewa, bodi imechomelewa mahali pake, na nyuma limebandikwa pembetatu nyekundu ili dunia nzima ijue kwamba huyu anatambaa. Disa alilipata la kwake kutoka kwa babu yake, Volvo ya zamani yenye pua ndefu. Wenzetu walipofika kumi na nane walichukua leseni za kweli wakayaacha maepa yao kwa wadogo zao. Disa alifeli mtihani mara tatu. Sasa tulikuwa na miaka kumi na tisa, shule tumemaliza, kofia nyeupe za wahitimu tumezivaa na kuzimwagia bia, na yeye bado anatambaa barabarani na msururu wa watu waliofura nyuma yake. Wala hakujali. Disa hajawahi kuwa na haraka na jambo lolote.

Gari lile lina viti viwili na mikanda miwili. Hilo nililijua tangu siku ya kwanza, na lilinifurahisha, maana kiti cha pili kilikuwa changu. Tuliahidiana tangu utotoni kwamba siku moja tutakwenda baharini kwa gari letu wenyewe, mimi na yeye, kutoka kwetu msituni mpaka pwani ya Örnsköldsvik. Miaka ikapita hatwendi. Mwaka huu ilikuwa lazima, kwa sababu mwisho wa Agosti Disa alikuwa anahamia Göteborg kusoma, upande wa pili wa nchi. Mimi nilikuwa nabaki. Niseme tu wazi: sikuwa na shida na bahari. Nilitaka safari ile inithibitishie kwamba Disa akishafika huko mjini, akazungukwa na mashosti wapya wanaojua kuongea, mimi bado ndiye wa kwanza.

Basi nikafika kwao asubuhi na begi langu, nikamkuta Joar wake ameketi kwenye kiti changu, mkanda kaufunga, anamenya yai.

"Joar hajawahi kuiona bahari yetu," Disa akaniambia.

Mtu wa Skåne huyo, kusini kabisa mwa nchi. Kwao bahari iko pande tatu, amezaliwa anainusa. Sasa eti aje kusini mwa Lapland kuonyeshwa maji. Nilimwambia Disa hivyo hivyo, akacheka, akaniambia nyuma kaniwekea godoro na turubai, na trafiki wakitokea nilale chini. Joar akanipungia mkono kupitia kioo, yai mdomoni. Nikapanda nyuma. Ningefanya nini, nilie?

Kuhusu Joar kuna jambo moja ambalo sikuwa nimemwambia mtu. Mwezi wa sita sisi watatu tulikuwa kundi moja la kupanda miche ya misonobari, kazi ambayo vijana wa kwetu hufanya wakati wa kiangazi, kutwa unatembea na bomba la kupandia na mfuko wa miche kiunoni, mbu wanakula wewe na wewe unakula mbu. Mstari wangu ulikuwa kando ya mstari wa Joar. Alikuwa anaimba vibaya. Alikuwa ananiachia sehemu laini, yeye anachukua penye mawe. Siku moja kiganja changu kilichubuka, akakaa juu ya kisiki akanifunga kitambaa polepole, na aliponiachia mkono nilikuwa nimeshakwisha. Nilimtaka, jamani. Nilimtaka mpaka usingizi ukaniruka. Lakini nikanyamaza, nikajipa moyo kwamba mambo mazuri hayana papara. Mficha uchi hazai. Wiki ya sherehe za katikati ya kiangazi Disa akaja kwetu, akakaa kitandani kwangu, akasema, mwenzangu, mimi na Joar. Nikasema, hongera. Hata nikamkumbatia.

Kwa hiyo nikiwa kule nyuma kwenye godoro nilikuwa na wivu wa pande mbili, na sijui kama kuna aliyewahi kuupata akapona. Nikimtazama Joar nilimwonea wivu Disa. Nikimtazama Disa, anavyorusha kichwa nyuma akicheka, nilimwonea wivu Joar, kwa sababu kile kicheko kilikuwa changu, mimi ndiye niliyekuwa nakitoa. Vichwa viwili ndani ya kioo, vinakaribiana, vinaachana, vinakaribiana. Kila walipokaribiana gari liliyumba kidogo, na lori lililokuwa nyuma yetu lilipiga honi, na dereva wake akanitolea macho mimi kana kwamba mimi ndiye ninayependwa.

Tulisimama Åsele kunywa kahawa. Pale kwenye maegesho alikuwapo mama mmoja mwenye meza ndogo, anauza hjortron kwenye vikombe. Ni yale matunda ya vinamasini, ya rangi ya kahawia ya dhahabu, hayaoti shambani hata uyabembeleze vipi, na bei yake ni ya kukufanya uombe radhi. Joar akaonja moja akafumba macho. Akamuuliza yule mama anachuma wapi.

Yule mama alimtazama kama vile amemuuliza rangi ya nguo zake za ndani. "Msituni," akasema.

Mimi na Disa tulitazamana, na kwa dakika ile moja alikuwa wangu kabisa. Kwetu mtu atakuonyesha akaunti yake ya benki kabla hajakuonyesha kinamasi anachochuma hjortron. Watu wamekufa nacho. Kuna mzee wa jirani aliyekaa wiki nzima akikata roho, wanawe watatu wamemzunguka wanamuuliza, baba, ni wapi, naye akawa anawatazama tu mpaka akaenda zake. Bibi yangu Gunhild, mama yake baba, hakumwambia baba yangu, kwa sababu baba alioa mwanamke mwenye mdomo, yaani mama yangu. Aliniambia mimi. Na alinifundisha namna ya kwenda: huachi gari karibu, unaliacha penye ziwa, upande usiohusika. Hupiti njia ya mkato. Unazunguka kwa barabara ya zamani ya magogo, unavuka kijito, unapanda kilima kwa nyuma, hata kama ni mwendo wa saa mbili, ili anayekuona asijue unaelekea wapi. Na ukiulizwa umechuma wapi unasema, hapa na pale.

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja nilimpeleka Disa. Ilikuwa siri juu ya siri, Bibi hakujua. Nilimwapisha pale pale kinamasini, maji yameingia kwenye gambuti zetu. Hakuna kitu kikubwa zaidi nilichowahi kumpa mtu. Na Disa alinyamaza. Kila mwaka mama yake alinunua hjortron dukani na kulalamikia bei, naye anakula kimya.

Tulipokuwa tunarudi garini Joar akamuuliza Disa yeye huchuma wapi. Angependa kumpelekea mama yake ndoo, mama yake hajawahi kuyaonja mabichi.

"Sijui," Disa akasema. "Sisi hununua."

"Acha basi. Mtu wa huku asijue? Nitafutie, Disa."

Naye Disa akatabasamu, akamshika sikio, akasema, "Tutaona."

Tutaona. Nililala kwenye godoro na lile neno kifuani. Utaona nini? Hakuna cha kuona, kuna kukataa tu. Mtu anayesema tutaona ameshaanza kufungua mlango. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijiambia, na nguo yenyewe ndiyo hii inayoendesha gari.

Jioni tukapiga kambi kando ya ziwa, ng'ambo kidogo ya Åsele. Mimi ndiye niliyechagua mahali, zamani, tulipopanga safari ya wawili. Kinamasi cha Bibi kiko nyuma ya kilima upande wa pili wa ziwa hilo, na mpango ulikuwa mimi na Disa tuamke, tuzunguke, tujaze ndoo mbili, moja ya safari na nyingine ya Bibi ambaye sasa yuko kwenye nyumba ya wazee na anangoja bakuli lake kila Agosti. Disa alijua tuko wapi. Hakusema neno. Nilingoja anivute pembeni tuzungumze, hata kwa jicho, lakini Joar alikuwa anageuza soseji juu ya moto na yeye alikuwa amemwegemea mgongoni, na mimi nikawa mtu wa kutafuta kuni. Mtu wa tatu kambini hutafuta kuni nyingi sana. Tukalala watatu kwenye hema moja, Disa katikati, na usiku nikasikia Joar anamnong'oneza, naye anamnong'oneza, na neno moja tu nililolishika ni "hjortron".

Nilipoamka hema lilikuwa tupu. Gari lipo. Jiko la gesi lipo. Ndoo mbili hazipo, na gambuti za Disa hazipo.

Sikukaa hata nikanywa maji. Niliwaona kabisa, wamepiga magoti pale penye matunda ya dhahabu, Disa anamlisha moja moja mdomoni, mahali nilipomwapisha, na baada ya kulishana nini tena, nani hajui. Kumchukua mwanamume, sawa, amemchukua. Lakini na kinamasi? Nikavaa koti langu jekundu, kwa sababu ndilo lililokuwa karibu, na nikaenda. Sikuzunguka. Sikupita barabara ya magogo wala kijito. Nilipita ukingoni mwa ziwa kisha nikakata moja kwa moja kupanda mteremko ule wa upande wa ziwa, ambao kampuni ya mbao iliukata miti yote miaka miwili iliyopita, mweupe kama kiganja, nikawa nakimbia juu ya visiki mbele ya macho ya yeyote mwenye macho. Nilikuwa nimeshatunga nitakachosema. Nilikuwa na matusi ya kutosha watu sita.

Nikafika juu, nikashuka upande wa pili, nikapenya misonobari michache iliyobaki. Kinamasi kilikuwa pale. Hapakuwa na mtu.

Hapakuwa na unyayo hata mmoja. Matunda yalikuwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo, yameiva yote kwa pamoja kama yanavyofanya mara moja kwa miaka mingi, hakuna aliyegusa. Nilisimama nahema. Kwanza nikafurahi. Kisha nikaona aibu kidogo, ya kiasi tu, ile ambayo ungeweza kuimeza na kurudi kambini ukachemsha kahawa na mtu asijue. Nilikuwa nimeshageuka nirudi.

Ndipo nikasikia jina langu. "Hillevi! Hillevi!" Joar alikuwa anashuka kilima mbio, ndoo tupu inagonga paja, amelowa mpaka kiunoni, uso umevimba kwa mbu. Alinifikia akanishika mabega. Alikuwa ameogopa. Aliniona kutoka ng'ambo ya ziwa, alisema, koti jekundu linakimbia, akadhani nimekutana na dubu. Kisha akatazama nyuma yangu, akayaona matunda.

Disa alifika baada yake. Yeye alikuwa amelowa mpaka kifuani, na shavuni ana mchubuko. Hakuja mbio. Alisimama kwenye misonobari akanitazama mimi, hakuangalia matunda.

Joar, masikini, ndiye aliyeeleza, kwa sababu alikuwa hajui anaeleza nini. Disa alimwamsha alfajiri akampeleka upande wa kusini wa ziwa, kwenye kinamasi alichosema amewahi kusikia kina hjortron. Saa tatu nzima walikuwa wanazama na kutoka. Hakuna tunda. Mbu tu, na matope yanayonuka yai bovu. Disa alianguka mara mbili. Kila alipotaka kukata tamaa Disa alimwambia mbele kidogo, mbele kidogo, mpaka mwenyewe akasema basi, sitaki tena hjortron maishani mwangu. Alikuwa anacheka alipokuwa akisimulia. "Na kumbe yako hapa," akasema.

Nikaelewa. Mtu wa kwetu angeelewa kabla hajamaliza. Kumkatalia Joar kungempa hamu, na mwenye hamu hutafuta. Disa alimchosha ili asitafute. Alijitosa matopeni kwa ajili ya kinamasi ambacho si chake, na yote niliyoyasikia usiku hemani yalikuwa hayo.

"Ulidhani nimemleta huku," akasema. Hakuwa anauliza.

Nikageukia matunda. Naye hata hapo alinipa njia. Alijifuta shavu, akamgeukia Joar kwa sauti ya kawaida kabisa, akamwambia, "Hillevi ana bahati ya mtende. Anakimbia ovyo anaangukia dhahabu. Ila hapa ni pa wenyewe, ukitazama utaona pana dalili za watu, twendeni kabla hawajaja." Ulikuwa uongo mzuri. Nilichotakiwa kufanya ni kuitikia kwa kichwa. Joar angeamini, ni mtu wa Skåne, angerudi kambini na asingejua tena njia ya kufikia pale.

Lakini Joar alikuwa ananitazama mimi.

Sijui niwaambieje. Miezi miwili nilikuwa nimekitazama kisogo chake akimtazama mtu mwingine, na sasa ananitazama, mdomo wazi, vile nilivyokuwa nimeomba anitazame tangu siku ya kitambaa. "Ulipajua hapa?" akaniuliza. "Hillevi, wewe ulikuwa unapajua?"

"Napajua," nikasema. "Ni pa bibi yangu. Nilimleta Disa hapa tukiwa watoto."

Nilisema yote mawili. Ningeweza kusema la kwanza peke yake.

Ilimchukua Joar muda kidogo. Alitazama ndoo yake, akatazama suruali yake, akamgeukia Disa. Uso ulikuwa unabadilika taratibu. "Wewe ulijua?" akasema. "Saa tatu? Nilikuvuta kwa mikono ukitapatapa matopeni, nikadhani utazama, na ulijua?"

"Nilijua."

"Ungeniambia tu kwamba ni siri. Ningeelewa."

"Ningekuambia ni siri, ungejua kuna mahali."

Kwetu hilo ni jibu kamili, halina pengo. Kwa Joar lilikuwa kama kofi. Nikaona jinsi anavyohesabu upya maneno yote aliyowahi kuambiwa na yule msichana. Na niseme ukweli wangu, kwa kuwa nimeshafika hapa: nilifurahi. Kulikuwa na kitu kinaimba ndani yangu kwa sauti mbaya. Nikamwambia, "Chuma, Joar. Mpelekee mama yako." Akasita, kisha akaingia kinamasini, akainama akaanza kuchuma, mgongo kamgeuzia Disa.

Disa akaja karibu yangu. Alinuka matope. Alizungumza chini chini ili Joar asisikie.

"Sijamwambia hata mama yangu," akasema. "Miaka minane."

Nikamtazama Joar akichuma.

"Sasa mwambie na lile lingine."

"Lipi?"

"Kwamba unamtaka. Tangu mwezi wa sita unamtaka."

Nikamwuliza, kama alijua, kwa nini alimchukua. Akanitazama kwa namna ambayo sijawahi kutazamwa na mtu, si kwa hasira, ingekuwa hasira ningeipokea.

"Nilikusubiri uniambie," akasema. "Joar aliniomba wiki ya kwanza tu, nikamwambia angoje. Nikaja kwenu kila jioni, nikakaa pale kitandani, nikakuuliza una nini. Ukasema huna kitu. Ungesema neno moja, Hillevi, ningemwacha."

Joar akaita kutoka katikati ya kinamasi, akisema kuna mengi zaidi upande ule. Aliita jina langu. Nilikwenda. Nilikwenda kwa sababu nilishindwa kusimama pale mbele yake, na nilichuma kando ya Joar mpaka ndoo ikajaa, na Joar alizungumza nami kwa upole, na sikusikia hata neno moja alilosema. Nilipoinua kichwa Disa hakuwapo tena.

Tulimkuta garini, amekwisha kunja hema. Joar alikataa kukaa mbele, akapanda nyuma kwenye godoro na ndoo yake. Kwa hiyo nikakaa mbele. Tulifika kijiji cha Fredrika, Disa akasimamisha gari kwenye kituo cha basi bila kuombwa. Waliongea wawili nyuma ya gari kwa muda, sikuona kitu, nilikuwa natazama mbele kwa lazima. Kisha Joar akaja dirishani kwangu. Macho yalikuwa mekundu. Akaniambia asante kwa matunda, akaniuliza kama mwakani nitampeleka tena, nami nikasema ndiyo. Alinishika mkono juu ya mlango, mkono ule ule wa kitambaa, na basi likaja.

Nilitegemea Disa ageuze gari turudi nyumbani. Hakugeuza. Alikunja kulia kufuata njia ya Örnsköldsvik, na tukatambaa kilomita zaidi ya mia, magari yanatupita yanapiga honi, misonobari ikapungua, hewa ikaanza kuwa na chumvi. Redio ilikuwa mbovu. Mara nyingi nilifungua mdomo. Nilikuwa na neno la kusema, kila mtu anajua ni neno gani, lina herufi chache tu, lakini nikilifikisha ulimini linaniganda. Nilijiambia nitalisema tukipita daraja, kisha nitalisema tukifika kanisani, kisha tukifika.

Tulifika mchana wa siku ya pili. Disa aliegesha juu ya miamba, akazima injini.

"Bahari hiyo," akasema. "Nilikuahidi nitakuleta."

Hakushuka. Nikavua viatu nikashuka peke yangu, nikaingia majini na nguo zangu za ndani, maji ya baridi ya kukata pumzi, nikaogelea mbele kidogo nikiwa na nia ya kurudi na kulisema. Kweli nilikuwa na nia hiyo. Nilikuwa nimeshalishika. Kisha nikageuka kutazama ufukweni, nikamwona Disa ndani ya gari, simu sikioni, karusha kichwa nyuma, anacheka.

Nani huyo? Joar, wamepatana tayari? Au ni mtu wa Göteborg, wale watakaopanga naye chumba, wameshaanza kuitana majina? Nilitoka majini mbio, nikajikwaa, goti likapasuka kwenye mwamba, sikulitazama. Nilipofika alikuwa amekwisha kata simu. Nilifungua mlango, maji yananichuruzika juu ya kiti cha babu yake.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

Disa alinitazama goti, akanitazama uso. Akachukua taulo nyuma ya kiti chake, akanipa.

"Tangu asubuhi hujanisemesha," akasema. "Na la kwanza ndilo hilo."

Kisha akawasha gari.